Pindo la Zambarau

Tangu asubuhi Mwanabaraka alikuwa ameliangalia jua mara nyingi kuliko alivyomwangalia mwanamume ambaye yeye alimfuata pale. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda hadi chakula kikawa hakipiti kooni, na shangazi yake alishaanza kumshika paji la uso akidhani ana malaria. Lakini siku hiyo kila kitu kilining'inia kwenye jua, nalo jua lilikuwa linaingia na kutoka mawinguni bila haraka yoyote, utadhani halina kazi ya mtu.

Fremu ya mbao ilikuwa imelazwa juu ya jiwe kubwa, uani kwa Mama Ritha, pale Misuna, mjini Singida, ambapo Abdulazizi alipanga vyumba viwili. Chini ya kioo cha fremu kulikuwa na negativu, filamu ya picha ya zamani, na chini ya negativu kulikuwa na karatasi nzito iliyopakwa dawa kwa brashi. Ndani ya dawa ile, kama alivyoambiwa, kulikuwa na kipini cha dhahabu cha marehemu mama yake.

"Kimo humo kweli?" alijikuta ameuliza.

Abdulazizi aliinua uso. Alikuwa amechuchumaa kando ya jiwe, vidole vimebaki na madoa ya rangi rangi hadi kwenye kucha. "Kimo. Kiende wapi?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza jana pia."

Mama Ritha, aliyekuwa anapeta uwele kibarazani ili watu wasiseme kwamba aliwaacha vijana peke yao, akacheka. "Baba, mwenzako ana wasiwasi. Mtulize kwa maneno mazuri. Na mimi nikuulize: mbona dawa umeipaka ikavuka picha, ikafika huku pembeni? Si unaimwaga bure?"

"Hilo ni pindo, mama. Brashi ikipita lazima ivuke, na ninaiacha hivyo makusudi. Mtu akiona pindo anajua picha hii ilitengenezwa kwa mkono wa mtu."

Mwanabaraka hakucheka. Dhahabu ya mama yake imepakwa pembeni kwa ajili ya urembo! Alilimeza neno hilo, nalo likakaa tumboni pamoja na mengine aliyokuwa amekwisha kuyameza.

Mambo yalianza kwa wema mtupu. Abdulazizi alinunua maboksi ya negativu za zamani kwa Mzee Chediel wa Ihanja, aliyefunga studio yake kwa sababu ya macho. Siku Mwanabaraka alipokuja kuziangalia, aliinua mojawapo dirishani, akaona msichana amevaa mtandio, shingo kaikunja kidogo, kipini kinang'aa puani. Alimjua kabla hajamaliza kuangalia. Alikuwa Bi Hanifa, mama yake, kabla hajawa mama wa mtu. Nyumbani kwao picha pekee ya mama iliyokuwepo ililiwa na mchwa ndani ya kasha, na baba yake tangu siku ile hakuwahi kulitaja jambo hilo.

"Nitengenezee," alimwambia Abdulazizi. "Lakini isiwe ya kufifia."

Ndipo Abdulazizi alipomweleza kwamba ziko picha zinazochapwa kwa dhahabu, sanaa aliyofundishwa na mwalimu mmoja Dar es Salaam, na kwamba dhahabu haifi. Aliyasema kama mtu anayeota. Mwanabaraka, kwa mapenzi na kiherehere, kesho yake akaja na kipini kimefungwa kwenye ncha ya leso. Abdulazizi alikataa. Alimwambia amwombe baba yake kwanza. Mwanabaraka akamjibu kwamba mama alimpa mkononi, wala hakuna wa kuombwa. Basi Abdulazizi akakiyeyusha. Alimtoa nje kabisa siku hiyo, maana moshi wa asidi ya kuyeyushia, alisema, unaharibu mapafu.

Kwa hiyo hakukiona kikiyeyuka. Ni jambo dogo tu hilo, na asingelikumbuka kamwe, lau simu yake isingelia sasa, hapo uani kwa Mama Ritha.

"Uko wapi wewe mtoto?" Ilikuwa sauti ya Shangazi Maryam, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama alipofariki. "Nimefungua kasha nisugue kipini kwa ndimu na majivu, kasha tupu! Kipini kiko wapi?"

Mwanabaraka alisahau kupumua. Aliwezaje kusahau? Katika ukoo wao, siku barua ya posa inapojibiwa, shangazi ndiye anayekitoa kipini na kukisugua, ajue ndoa ipo au asijue. Barua ya kina Abdulazizi ilikuwa imekaa nyumbani bila jibu tangu kabla ya Ramadhani.

"Shangazi, baba amesema... anajibu leo?"

"Amesema leo. Hajaniambia anajibu nini, na mimi unajua ninavyoona. Mtu wa Itigi, baba yake mtu wa reli, mama yake Dorkas wa kanisani, kazi yenyewe kupiga picha! Haya, mlete aje asikie kwa masikio yake. Na uje na kipini."

Simu ikakatika. Abdulazizi hakuhitaji kusimuliwa, alikuwa amesikia yote. Sauti ya Shangazi Maryam haikuhitaji spika.

"Twende na picha," alisema taratibu. "Tutasema ukweli."

"Imeiva?"

Alifungua nusu ya fremu, akachungulia, akaifunga. "Bado. Wingu hili likipita."

Wingu halikupita upesi. Mwanabaraka alizunguka jiwe, akakaa, akasimama. Upepo wa Singida ulikuwa unavuma na vumbi lake, ule unaokausha kila kitu. Kwa ajili ya upepo huo Abdulazizi huilaza karatasi juu ya beseni la maji na kuifunika kabla ya kuitumia, ili ipate unyevu kidogo, la sivyo rangi inagoma. Alikuwa anaijua kazi yake. Hilo Mwanabaraka alilipenda kwake kabla ya macho na kabla ya sauti: namna alivyokuwa mpole kwa karatasi.

Hatimaye Abdulazizi aliiingiza karatasi chumbani, akaizamisha kwenye maji ya dawa, na sura ya Bi Hanifa ikajitokeza. Mtandio, shingo, mashavu, na kile kipini, nukta ya mwanga puani. Mwanabaraka alishika mdomo. Machozi yakaja yenyewe.

Kisha akaona rangi.

"Azizi, mbona ni zambarau?"

"Ndiyo rangi yake. Nilikuambia."

"Dhahabu ni ya njano!"

"Ikiwa kipini, ni ya njano. Ikisagika ikawa ndogo kuliko vumbi, haiwi njano tena. Inakuwa zambarau, au waridi, au bluu, kutegemea na unyevu."

"Uliniambia mimi," Mwanabaraka alisema, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Shangazi hukumwambia."

*

Sebule ya Mzee Mselemu, baba yake Mwanabaraka, ilinukia udi na mafuta ya alizeti. Harufu ya pili haikuwahi kutoka, kwa kuwa duka lake la mafuta lilikuwa mbele ya nyumba hiyo hiyo. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kofia kichwani, mtu wa maneno machache na kimya kirefu. Shangazi Maryam alikaa kando ya cherehani yake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, kijana."

Abdulazizi alikaa ukingoni mwa kiti, picha imefungwa ndani ya kitambaa cheupe magotini. Mwanabaraka alibaki amesimama mlangoni. Alisema yote mwenyewe, haraka haraka, kabla ujasiri haujamwisha: negativu, Mzee Chediel, kipini, dawa. Alipomaliza, hata shangazi alikuwa amenyamaza, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Umekiyeyusha kipini cha mama yako," Mzee Mselemu alisema.

"Nilitaka umwone, baba."

"Kikapakwa kwenye karatasi."

"Ndiyo, baba."

"Funua basi tuione hiyo dhahabu," alisema Shangazi Maryam.

Abdulazizi alifungua kitambaa, akaiweka picha juu ya meza. Shangazi aliinama, akaikodolea macho, akaiinamisha huku na huku dirishani akitafuta mng'ao. Mzee hakuiangalia. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Kaka, sikiliza. Mimi nina macho mawili mazima. Hii ni zambarau! Ni rangi ya kanga hii!"

"Mama, dhahabu ikisagwa sana—"

"Usinifundishe dhahabu. Nimevaa dhahabu kabla hujazaliwa. Mwana, ulikiona kikiyeyuka?"

Swali lilimfika Mwanabaraka kama maji ya baridi. Wote walimgeukia. Abdulazizi naye aligeuka, macho yake yametulia, yanangoja.

"Alinitoa nje," alisema. "Kwa ajili ya moshi."

"Alikutoa nje!" Shangazi Maryam aligonga paja. "Kaka, umesikia? Amemtoa nje, amekitia mfukoni, amempakia mtoto rangi ya zambarau!"

"Si hivyo, shangazi!"

"Ni vipi basi? Nieleze nielewe."

 Hapo ndipo Mwanabaraka alipojiogopa. Moyo wake ulisema Azizi hawezi, na chini ya moyo huo, pembeni kabisa, sauti ndogo ikauliza: na kama anaweza? Aliichukia sauti ile. Lakini ilikuwepo.

"Lipo jambo rahisi," shangazi aliendelea, sasa kwa utulivu wa mtu aliyeshika usukani. "Sonara Abdulhamidi pale sokoni anafagia sakafu ya duka lake, anachoma takataka, anachoma hata mikeka chakavu, na majivu yake anayeyusha anatoa dhahabu. Mji mzima unajua. Kama humu mna dhahabu, karatasi hii ichomwe. Punje ikitoka, mimi mwenyewe nitampigia kijana huyu vigelegele. Isipotoka, arudi Itigi kwao."

Mzee Mselemu aliinua uso taratibu, na kwa mara ya kwanza akaiangalia picha.

Aliiangalia muda mrefu. Mkono wake ukaenda mezani, ukasimama kabla haujaigusa karatasi. Mwanabaraka hakuwahi kumwona baba yake analia, na hata siku hiyo hakumwona vizuri, kwa kuwa alivua kofia na kujifuta uso wote nayo.

"Shingo yake hiyo," alisema. "Alikuwa akiikunja hivyo akitaka kucheka." Kisha akasema, "Nikiichoma, nimemzika mara ya pili. Nisipoichoma, namwoza binti yangu kwa mtu nisiyejua kama ni mwizi. Kijana, nifanye nini?"

Abdulazizi alisimama.

"Mzee, niiteni mwizi. Mimi sitaichoma."

"Umeona!" shangazi alidakia. "Anaogopa moto!"

"Siogopi moto, mama. Kuna mtu pale mezani." Akamgeukia Mwanabaraka, akasema kwa sauti ya chini, ila kila mtu alisikia. "Mwana. Sema neno."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alilijua. Lakini hofu ilikuwa imeshamkimbiza mbele, ikimtafutia njia ya kumwokoa mama na Azizi kwa pamoja, na macho yake yakaanguka pembeni mwa picha, pale brashi ilipovuka. Pale ambapo negativu haikufunika kitu, jua lilikuwa limechoma bila kizuizi, na zambarau ilikuwa nzito, karibu iwe nyeusi.

"Pindo!" alisema. "Shangazi, mkasi!"

"Mkasi wa nini?"

"Dhahabu iko na huku pembeni. Tena huku ndiyo nyingi. Tukate pindo, tuchome pindo!"

Alishauchukua mkasi kwenye cherehani. Alikuwa anatabasamu, maskini, akidhani ameleta dawa ya kila mtu. Hakuona uso wa Abdulazizi ulivyobadilika.

"Usikate, Mwana," alisema.

"Ni pembeni tu, Azizi. Mama hataguswa."

"Si kwa ajili ya mama."

Lakini mkasi ulikuwa tayari umeingia. Alikata kwa uangalifu upande wa juu, upande wa chini, kulia, kushoto, na alama zote za mkono wa Abdulazizi zikaanguka mezani vipande vinne vyembamba. Picha ikabaki na kingo zilizonyooka, kama picha iliyotoka kwenye mashine.

*

Sonara Abdulhamidi hakuuliza maswali mengi. Aliviweka vipande kwenye kibakuli cha udongo, akavichoma hadi vikawa majivu, akanyunyiza unga wake wa kuyeyushia, akawasha mtungi wa gesi na kuelekeza mwali. Wote wanne walisimama mbele ya meza yake. Mzee Mselemu alikuwa amebeba picha kifuani, ndani ya kitambaa cheupe, hakutaka kuiacha nyumbani.

Mwali ulivuma. Majivu yaliwaka, yakalainika, yakawa kama gundi. Mwanabaraka alishikilia ukingo wa meza.  Vipi kama imo ila ni kidogo mno kuonekana? Vipi kama imepotea na moshi? Vipi kama...? Alilikata wazo hilo, nalo likarudi. Sonara alizima moto, akangoja, akapasua kwa nyundo kigae kidogo kilichoganda, akachokoa kwa kibano.

"Hii hapa," alisema.

Ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha sisimizi. Lakini ilikuwa ya duara, na ilikuwa ya njano, njano isiyo na ubishi.

Mwanabaraka alitoa pumzi yote aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi. Ilitoka kwa sauti, na mabega yake yakashuka. Alipogeuka kumtafuta Abdulazizi ili wacheke pamoja, alikuta yeye haiangalii punje hata kidogo. Alikuwa anamwangalia yeye, na alikuwa ameiona ile pumzi.

Shangazi Maryam alikuwa mtu wa maneno makali, lakini hakuwa mtu wa kuikimbia ahadi yake. Alipiga vigelegele palepale dukani, hadi wauza vitunguu wa upande wa pili wakachungulia. "Mwanangu, nisamehe. Mdomo huu Mungu aliupa mwendo bila breki."

"Yameisha, mama."

Mzee Mselemu akamshika kijana bega. "Barua yako nimeijibu. Waambie wazee wako waje. Na mama yako Dorkas aje pia, nataka kumwamkia."

"Asante, mzee. Asante sana." Sauti yake ilikuwa ya adabu na ya mbali.

Walitoka nje. Upepo ulikuwa umezidi, unapeperusha mifuko na vumbi katikati ya vibanda. Sonara alikuwa ameidondosha punje kwenye kiganja cha Mwanabaraka, naye alitembea amekunja ngumi. Wazee walitangulia hatua chache. Abdulazizi alitembea kando yake, macho mbele, na hilo lilimtisha kuliko mwali wa sonara.

"Umekasirika kwa ajili ya pindo," alisema Mwanabaraka. "Utapaka jingine. Tutatafuta dhahabu nyingine."

"Sijakasirika."

"Una nini basi? Baba amekubali, Azizi! Amekubali!"

Abdulazizi alisimama. "Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye. Uliniamini lini? Kabla ya punje, au baada?"

Angeweza kusema kabla. Wasichana wengi wangesema kabla, na wakaolewa wakiwa wanacheka. Neno lilifika hata kwenye ulimi. Lakini macho ya Abdulazizi yalikuwa yaleyale ya asubuhi, ya mtu aliyepaka dawa mpaka pembeni ili kila kitu kionekane kilifanywaje, na hakuweza kumwongopea mtu wa namna hiyo.

"Baada," alisema, na machozi yakaanza. "Nilitaka iwe kabla. Nakupenda, Wallahi nakupenda, lakini niliogopa, na nilipoogopa nikachukua mkasi."

Abdulazizi alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu, na huo ulikuwa mbaya zaidi.

"Katika ndoa utatolewa nje mara nyingi, Mwana. Si kwa ajili ya moshi tu. Nitakuwa Itigi kwa wazazi, nitakuwa safarini, nitakuja na kitu cha zambarau nikuambie hii ni dhahabu. Kila mara tutatafuta wapi pa kukata?"

Mbele, Shangazi Maryam alikuwa ameshageuka kuona wamekwama wapi. "Njooni! Na hiyo punje uishike vizuri, hiyo ndiyo shahidi wetu! Tutaitia kwenye chupa, kila atakayebisha tunamwonyesha!"

Mwanabaraka alikiangalia kiganja chake kilichofungwa. Shahidi. Akaona jinsi maisha yao yatakavyokuwa, chupa kabatini, na yeye akiiendea kila moyo unapomsumbua, akiiinua dirishani, akitulia, akiirudisha. Mama yake hakuwa ndani ya punje ile. Mama yake alikuwa kifuani kwa baba, mzima, anataka kucheka.

Aliinua mkono, akaufungua.

Upepo wa Singida haukuhitaji kuambiwa. Punje ilimetameta mara moja, labda, au alidhani imemetameta, kisha kiganja kikawa kitupu.

"Mwana! Dhahabu!" Shangazi Maryam alipiga kelele, akainama palepale barabarani akitafuta kwenye vumbi, huku Mzee Mselemu amemshika kanga asigongwe na baiskeli.

Mwanabaraka hakugeuka. "Niulize tena," alimwambia Abdulazizi.

Abdulazizi alimwangalia kiganja, kisha uso. "Kipini cha mama yako ulikiona kikiingia kwenye dawa?"

"Sikukiona."

"Unaamini kimo?"

"Naamini."

"Una ushahidi gani?"

Alimnyooshea kile kiganja kitupu. "Sina," alisema.